Sekunde ya Arobaini na Moja

Beji yangu wameikosea: ITUNGU, bila h,
na chini yake, kwa wino mzito, MTAZAMAJI MTAYARISHAJI,
cheo nilichopewa mlangoni pamoja na kalamu
na mfuko wa kitambaa usio na kitu ndani.
Nimetoka Kasese kwa basi la usiku.
Magoti yangu bado yako Mbarara.

Ukumbi una baridi ya bucha.
Hapa Kampala baridi hununuliwa;
kwetu hushuka yenyewe mlimani,
bure, pamoja na mawe.

Mabwana wa vituo wanapanda jukwaani.
Wanasema zama zimegeuka, kila kiganja ni kituo,
runinga ya kesho itapikwa na mtazamaji
na mtazamaji huyo huyo ataila.
(Nani atalipwa, mpishi au mlaji, sikusikia.)
Wanasema maudhui. Wanasema tena maudhui,
mpaka neno linakuwa kama muwa uliokwisha tafunwa
nami natafuta pa kulitemea.

Kisha taa zinafifia, na mto wetu unaingia ukumbini.

Naujua. Mkono ule unaotetemeka ni wangu,
na ile pumzi ya karibu, kama ya mtu aliyekimbia ngazi,
ni yangu, inatoka kwenye spika nane.
Maji ya rangi ya chai ya maziwa
yanabeba mlango wa Baluku, mlango wa bluu,
umesimama wima, kana kwamba bado una nyumba.
Watu mia tatu wanaguna kwa pamoja.
Kando yangu kijana wa matangazo anaacha kutafuna sambusa.

Sekunde arobaini.
Halafu weusi, nembo ya kituo, makofi.

"Kwa bahati mbaya," anasema Bwana Walugembe wa vipindi,
"mpiga picha wetu hakuishikilia simu hadi mwisho.
Baada ya hapo hakuna picha.
Ndiyo maana mchana tuna mafunzo ya kutuliza mkono."

Makofi tena.

Mimi ninayo, hiyo sekunde ya arobaini na moja.
Iko mfukoni, kwenye simu ile ile yenye ufa,
isiyokubali chaji mpaka ibembelezwe.
Inaonyesha jani la gimbi, kwa karibu mno,
likipigwa na mvua. Kipande cha anga.
Basi. Dakika tatu za gimbi na anga.
Lakini ukiweka sikio
utanisikia nikimwita Kabugho, si kwa sauti ya habari,
utamsikia akisema siuoni mkono wako,
utanisikia nikisema huu hapa, huu hapa, huu hapa,
kisha maji peke yake, muda mrefu,
kisha kikohozi.

Kikohozi hicho sasa kiko darasa la pili.
Kinachukia uji. Kinaandika jina lake
bila kuacha herufi hata moja.

Wakati wa maswali nilisimama.
Mama alikuwa ameniapiza nisirudi bila kuuliza:
bando nililotumia kuwatumia mto
lilikuwa la shilingi elfu mbili, je, hulipwa na nani?
Walicheka kwa adabu. Walisema mfumo unaandaliwa.
Kuhusu mkono sikusema neno.

Mchana, binti mpole alinishika kiwiko, akakibana ubavuni mwangu.
"Ona, dada. Hautetemeki tena."
Kweli, haukutetemeka.
Nikapiga picha ya bwawa la kuogelea la hoteli,
mhudumu akiopoa majani kwa wavu mrefu,
maji yametulia, yana adabu,
kama kwamba hayajawahi kumjua mtu.
Picha safi. Wote waliisifu.

Kwenye basi la kurudi, kabla ya Masaka, simu ikanionya:
hifadhi imejaa, futa kitu.
Ikanipendekezea faili kubwa kuliko zote,
lile lenye giza, lile la majani.

Nikafuta bwawa.